Ng'ombe Wetu Mapendo na Ugonjwa wa Kutupa Mimba



Mwandishi mkuu wa gazeti letu alituomba sisi kapita wenu tuandike juu ya kazi ya kapita: kengele, mistari ya asubuhi, majina ya wachelewaji. Tumeona kwamba kengele munaijua vya kutosha, maana munaisikia kila siku, hata wale wanaojifanya hawakuisikia. Basi tumeomba ruhusa tuandike juu ya ng'ombe. Alicheka kidogo, kisha akakubali.

Munajua kwamba sisi ni wa opsyo ya veterineri. Wenzetu wa pedagojia na wa komersiale wanatuita wachungaji, na wanaposema hivyo hawafikirii wale wa kanisani. Hatukasiriki. Lakini tunawaomba wasome mpaka mwisho, kwa sababu mambo haya yanagusa hata yule ambaye hajawahi kushika mkia wa ng'ombe. Hapa Kasenga watu wengi wanafikiri ng'ombe ni mambo ya kule milimani ao kule Bonde la Ruzizi. Kumbe jamaa nyingi za hapa mjini ziko na ng'ombe wawili watatu kule bondeni, wanachungwa na baba mdogo ao na shemeji. Na maziwa ya bidoni tunayokunywa asubuhi yanatoka kwao. Na karo ya shule pia.

Sisi wenyewe karo yetu inatoka kwa babu. Katika mwaka wa 2023 babu alikuwa na ng'ombe 23 karibu na Sange: dume moja, majike 14, na mitamba na ndama 8. Ni ng'ombe wa nyama. Maziwa tunakamua kidogo tu kwa ajili ya nyumba, lakini faida ya babu ni ndama: anakua, anauzwa kwa mchinjaji, basi mtoto mmoja anasoma mwaka mmoja. Kwa hiyo kwetu mimba ikitoka, mtu hasemi tu kwamba ng'ombe amepata shida. Babu anahesabu kwa vidole nani kati yetu atakaa nyumbani.

Kuanzia Novemba 2023 mpaka Machi 2024 ng'ombe wanne walitupa mimba. Hawakuwa wembamba. Walikula vizuri, majani yalikuwa mengi, mvua ilinyesha. Asubuhi baba mdogo anafika zizini, anakuta ndama mdogo amelala chini, ana manyoya lakini hana uzima, na kondo la nyuma linaning'inia kwa mama yake siku mbili, siku tatu, mpaka linaoza. Baba mdogo alikuwa analivuta kwa mikono mitupu, ndivyo alivyofundishwa na wakubwa. Kile kitoto alikitupa kichakani. Mbwa walikula.

Watu walitoa maneno mengi. Jirani mmoja alisema ng'ombe wamekula majani mabaya kando ya mto. Mwingine alisema mchungaji anawapiga fimbo tumboni. Wako waliosema kuna mtu ana kijicho na zizi letu, na jina la mtu lilitajwa, hatutaliandika hapa. Wengine walikumbuka mwaka wa 2022, wakati Homa ya Bonde la Ufa ilipoingia Burundi, ng'ambo ya Ruzizi, na serikali ya kule ikazuia watu wasichinje wala kuhamisha ng'ombe. Homa ile inaletwa na mbu na inatosha mimba nyingi kwa mara moja, na ndama wadogo wanakufa pia. Hii ya kwetu haikuwa hivyo. Kwetu ilikuwa polepole, mmoja leo, mwingine mwezi ujao, na ndama waliokwisha kuzaliwa hawakuwa na kitu.

Mnamo Aprili babu alikubali kuita veterineri. Tulikuwa likizoni, tukaenda pamoja naye, na tulijifunza zaidi siku ile moja kuliko katika daftari letu lote (walimu wetu watusamehe). Veterineri hakukimbilia sindano. Alikaa juu ya gogo akauliza maswali. Mimba zilitoka mwezi wa ngapi? Ng'ombe anabeba miezi tisa. Baba mdogo akasema mwezi wa sita, wa saba, mmoja wa nane. Akauliza tena: majike wanapandwa wakashika mimba, ao wanarudi kutafuta dume kila wiki tatu? Tukasema wanashika vizuri. Akatikisa kichwa.

Akatueleza hivi. Kuna magonjwa ambayo dume anayabeba katika viungo vyake vya uzazi na kuyagawa kila anapopanda: trikomonasi ni mmoja, na vibriozi ni mwingine. Hapo mimba zinakufa zikiwa changa sana, hata mchungaji haoni kitu, anaona tu jike linarudi kwa dume mara kwa mara na ndama wanapungua. Dume lenyewe linaonekana zima kabisa, linanenepa. Dawa yake kubwa ni kuacha tabia ya kuazimana dume zee la kijiji kizima, na kuweka dume changa ambalo halijapanda majike ya watu wengine. Lakini mimba ikitoka katika nusu ya mwisho, baada ya mwezi wa tano, na kondo likikataa kutoka, mtu afikirie kwanza ugonjwa unaoitwa bruselozi. Kisha akasimama, akaenda moja kwa moja kwa jike moja lililokuwa na goti limevimba kama embe, akalishika lile goti. Akauliza: "Na huyu, alishatupa mimba?"

Jike lile ni Mapendo.

Sasa tuseme Mapendo ni nani. Ndiye mkubwa wa zizi, rangi ya udongo, pembe ndefu zilizofunguka. Ndama zake ndizo zilizosomesha yaya yetu mkubwa mpaka diploma, na dada yetu, na sisi kwa sehemu. Katika mwaka wa 2021 alitupa mimba mara moja. Babu alisikitika, lakini mwaka uliofuata akazaa ndama mzuri, na 2023 akazaa tena. Babu akasema amepona. Kila mtu angesema hivyo.

Veterineri akatoa damu kwa ng'ombe wote wakubwa. Aliacha zile chupa ndogo zisimame mpaka damu ikaganda na maji ya manjano yakabaki juu. Siku ya pili alituita tuone. Anaweka tone la yale maji juu ya kibao cheupe, kando yake tone la dawa yenye rangi ya waridi, anachanganya, anatikisa polepole kwa dakika 4. Dawa ile ina vijidudu vya bruselozi vilivyouawa. Kama ng'ombe amepata ugonjwa, maji ya damu yake yanavishika vile vijidudu, navyo vinakusanyika punje punje kama maziwa yaliyokatika. Kama hana, rangi inabaki laini. Tulihesabu pamoja naye. Matone ya ng'ombe 5 yalikatika. La Mapendo lilikatika hata kabla ya dakika moja kwisha.

Kidudu hiki kilijulikana zamani. Katika mwaka wa 1887 munganga wa jeshi la Uingereza, David Bruce, alikiona katika miili ya askari waliokufa kwa homa katika kisiwa cha Malta. Jina la bruselozi linatoka kwake. Mwaka wa 1897 huko Denmark, Bernhard Bang alikuta kidudu kingine ndani ya ng'ombe waliotupa mimba. Mwaka wa 1905 Themistocles Zammit akaonyesha kwamba ile homa ya Malta inatoka kwa mbuzi. Mbuzi wenyewe walionekana wazima! Kisha mwaka wa 1918 mwanamke wa Marekani, Alice Evans, akatangaza kwamba kidudu cha Bruce na kidudu cha Bang ni ndugu wa jamaa moja, na kwamba maziwa mabichi ya ng'ombe yanaweza kuwa hatari kwa watu. Wakubwa wengi hawakumwamini. Mwaka wa 1922 yeye mwenyewe akaambukizwa katika labo yake, akaugua miaka mingi, na kuna waganga waliosema ni mambo ya mishipa ya fahamu tu, ya kujiwazia.

Tulipoisoma habari hii tulimfikiria baba mdogo.

Baba mdogo alianza kuugua karibu na Krismasi 2023. Jioni homa inapanda, usiku jasho linalowesha shuka, asubuhi yuko mzima anakwenda kuchunga. Baada ya wiki homa inakwisha, halafu inarudi. Mgongo ukamuuma, viuno vikamuuma, akatembea kama mzee wa miaka 80, naye ana miaka 34. Katika kituo kimoja cha afya walimpa dawa ya malaria. Mara ya pili malaria tena. Mara ya tatu wakasema tifoide. Kila mara tuliuza kitu. Nyumbani maneno yalianza: ni mvivu, anaogopa kazi ya shamba, mbona asubuhi anakula vizuri? Yeye hakujibu. Aliwahi kutuambia sisi tu: "Mutoto wangu, mifupa yangu inalia."

Veterineri alipomwona akitembea alimuuliza kama anakunywa maziwa mabichi, na kama ndiye anayezalisha majike. Kisha akaandika karatasi akamtuma kwa daktari, apimwe damu kwa bruselozi. Ilikuwa ndiyo. Alipewa dawa za namna mbili kwa wiki 6, na akaonywa kwamba akiziacha katikati kwa sababu anasikia nafuu, ugonjwa utarudi. Alizimaliza. Leo anatembea vizuri, mgongo bado unamsumbua wakati wa baridi. Na sisi tunaomba wenzetu: kama kwenu kuna mtu wa ng'ombe, ao mchinjaji, ao mama anayeuza maziwa, ambaye homa yake inakwenda na kurudi na dawa ya malaria haisaidii, mwambieni amweleze munganga kazi yake. Munganga hawezi kujua kama mtu hasemi.

Turudi kwa Mapendo, maana hapa ndipo mashindano nyumbani yalipokuwa makubwa.

Babu alisema: "Amezaa mara mbili tangu hapo. Mgonjwa anazaa namna gani?" Na kweli, ugonjwa huu njo unadanganya hivyo. Jike nyingi zinatupa mimba mara moja tu, ile ya kwanza baada ya kuambukizwa. Mimba inayofuata inafika mwisho, ndama anasimama, mchungaji anafurahi. Lakini vijidudu havikutoka. Vimejificha katika kiwele na katika matezi, na kila anapozaa vinamwagika pamoja na maji ya uzazi na kondo, juu ya majani, juu ya tope la zizi. Wenzake wanakuja kunusa na kulamba, ndiyo tabia ya ng'ombe. Kivulini na penye unyevu vijidudu vinakaa miezi. Jua kali linaviua upesi, lakini zizi letu lilikuwa chini ya miti. Yale majike manne yaliyotupa mimba yalikuwa yamelala pamoja na Mapendo usiku aliozaa ndama wake wa mwisho. Goti lililovimba pia ni alama ya ugonjwa uliokaa muda mrefu. Tulikuwa tunafikiri aliumia kwenye mawe.

Baba mdogo aliuliza kama hakuna sindano. Sokoni wanauza oksitetrasiklini, wachungaji wanaipiga kwa kila kitu, hata kwa ng'ombe anayekohoa. Veterineri alisema kwa bruselozi ya ng'ombe ni kutupa feza: dawa haifiki vizuri mahali kidudu kilipojificha, ng'ombe anaonekana amepona, naye anaendelea kuambukiza. Chanjo ipo, lakini inalinda wale ambao hawajapata. Ile inayoitwa S19 inapigwa mitamba wadogo wa miezi mitatu mpaka sita, dozi moja. Haipigwi dume, maana inaweza kuharibu korodani zake, wala jike lenye mimba, maana inaweza kuitosha. Tena ni chanjo yenye kidudu kizima kilichodhoofishwa: inaharibika ikipata joto, na mwenye kupiga akijichoma kidole anaweza kuugua mwenyewe. Ndugu wa opsyo yetu, musishike sindano ile kwa mchezo.

Basi kwa wale 5 ilibaki njia moja: watoke zizini, waende kuchinjwa. Nchi zilizomaliza ugonjwa huu katika ng'ombe zilipita njia hiyo. Australia ni nchi ya ng'ombe wa nyama, makundi yao yanatembea porini bila kuhesabika kwa urahisi. Walianza kampeni mwaka wa 1970, wakapima, wakachanja, wakachinja wagonjwa, na mwaka wa 1989 wakatangaza kwamba bruselozi ya ng'ombe imekwisha kwao. Miaka 19. Lakini kule mfugaji alilipwa kwa ng'ombe aliyechinjwa. Hapa kwetu babu angelipwa na nani? Mchinjaji analipa nyama tu. Nyama yenyewe ikipikwa vizuri haina neno. Hatari iko kwa mchinjaji anayeshika damu, kiwele na tumbo la uzazi kwa mikono yenye vidonda.

Wiki ile ile akaja mchuuzi mmoja wa ng'ombe. Habari zinakwenda upesi bondeni kuliko pikipiki. Akamwambia babu: "Muzee, niuzie zile tano, nitazipeleka mbali, kule hakuna anayezijua. Nitakupa bei ya ng'ombe wa kuzaa." Bei ya ng'ombe wa kuzaa ilikuwa karibu mara mbili ya ile ya mchinjaji. Sisi tulikuwa tumekaa pale, na karo yetu ya robo ya mwisho ilikuwa haijalipwa. Hatutasema kwamba hatukuhesabu kichwani. Babu alinyamaza muda mrefu, akauliza: "Mbali ni wapi?" Mchuuzi akacheka. Babu akasema: "Nami niliuziwa hivi na mtu wa mbali." Mchuuzi akaondoka.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa bado. Yaya yetu alikuwa amechumbia, na katika mahari tuliahidi ng'ombe watatu, Mapendo na mitamba wawili. Wakwe walikwisha kumwona Mapendo, walimpenda sana, hata mama mkwe alimshika pembe. Wajomba wetu wengine walisema tumpeleke tu: ng'ombe ya mahari haichunguliwi kinywani, na wao watajua siku nyingine. Babu alisema yeye hawezi kuoza mjukuu na kupeleka ugonjwa katika zizi la wakwe siku moja.

Tulikwenda Kiliba watu wanne: babu, baba mdogo na mgongo wake, yaya, na sisi kubeba karatasi ya veterineri. Babu alianza kwa mbali, akasalimia kila mtu, akauliza shamba, akauliza watoto. Kisha: "Wakwe, tumekuja na neno zito. Ile ng'ombe tuliyowaahidi hatuwezi kuwapa tena. Iko na ugonjwa."

Hakuna aliyejibu. Mjomba wa bibi arusi akatazama chini, akasema pole pole: "Ugonjwa gani, muzee? Sisi tuliiona, ilikuwa inakula majani na mutoto wake nyuma. Tangu zamani mutu akitaka kukunyima ng'ombe, anasema iko mgonjwa."

Yaya alikuwa anatokwa jasho. Babu akasema: "Huyu mtoto anasoma mambo hayo. Mumuache aseme." Ndugu wasomaji, tumepita mitihani mingi, hakuna uliokuwa mgumu kama ule. Kusema juu ya kondo na mimba mbele ya wazee na mama wakwe! Tulisema hivyo hivyo, macho chini, kama tulivyoeleza hapa: anatupa mara moja, kisha anazaa, kisha anawapa wenzake. Tulionyesha karatasi. Baba mdogo akaongeza habari ya mifupa yake, na nadhani hiyo ilisaidia kuliko karatasi.

Ndipo bibi mzee wa nyumba ile, ambaye hatukujua kama anasikiliza, akasema kutoka mlangoni: "Na hapa kwetu mimba mbili zimetoka mwaka huu." Wanaume wakageuka wakamtazama. Hawakuwa wametaka tujue. Basi kikao kikageuka, wakaanza kutuuliza sisi: zizi lisafishwe na nini, mbwa wafungwe, nani anaweza kuja kupima. Tuliwaambia tuliyoambiwa. Kinachotoka kwa ng'ombe kisishikwe bila kufunika mikono, hata kwa mfuko wa plastiki kama hakuna glavu. Kizikwe chini sana ao kichomwe. Jike lililotupa mimba litengwe. Maziwa yachemke mpaka yapande. Tena wapime mara ya pili baada ya miezi, kwa sababu aliyeambukizwa juzi anaweza kuonekana safi leo, na mtamba aliyezaliwa na mama mgonjwa anaweza kuficha ugonjwa mpaka mimba yake ya kwanza.

Lakini mjomba yule hakuridhika kabisa. Alisema watakubali mitamba wawili sasa na deni la mmoja, kwa sharti moja: wawe pale siku Mapendo atakapochinjwa, waone kwa macho yao kwamba hatukumficha. Babu alikubali. Tuliona haya, lakini alikubali.

Siku hiyo walikuja wawili. Babu hakuja machinjioni, alisema ana kazi shambani, na wote tulijua hana kazi. Baba mdogo alimfunga Mapendo kamba mwenyewe. Mchinjaji tulikwisha kumwambia, akavaa buti na glavu, na kiwele na tumbo la uzazi tulizika sisi, shimo refu kifuani. Mjomba wa bibi arusi alisimama mpaka mwisho. Kisha alitoa feza mfukoni akanunua kilo mbili za ile nyama, akasema: "Sasa nimeamini." Arusi ilifanyika Agosti 2024.

Nyumbani vita ndogo iliendelea juu ya mashanza. Bibi yetu anaganda maziwa tangu utoto wake, na anasema maziwa yaliyochemshwa hayana utamu. Tulimweleza kwamba kuganda peke yake hakuhakikishi kwamba kidudu kimekufa. Alitusikiliza vizuri, akasema sawa, na kesho yake tukakuta kibuyu kimefichwa nyuma ya kitanda. Mwishowe walielewana na baba mdogo: maziwa yanachemka kwanza, yanapoa, ndipo anatia mashanza kidogo ya jana ili yagande. Anasema bado si sawa. Anakunywa.

Katika mwaka uliofuata walizaliwa ndama 6, hakuna mimba iliyotoka. Tuliuza madume mawili, karo ikalipwa. Veterineri alipaswa kurudi kupima tena mwisho wa 2025, na mitamba wadogo walikuwa wanangojea chanjo. Lakini Desemba 2025 vita ilifika Luvungi na Sange, na kila mtu alikimbiza ng'ombe zake mahali alipoweza. Walikimbia pamoja, wa kwetu na wa majirani na wa watu tusiowajua, wakalala pamoja, wakanywa maji pamoja. Waliopimwa na wasiopimwa.

Zetu zilikuwa 20, zimerudi 19. Na kati yao kuna majike wawili wageni, wana alama ya moto ambayo hakuna mtu wa kwetu anayeitambua. Mmoja ana mimba kubwa. Babu amekataza kuwauza, maana wana mwenyewe, na amekataza kuwachanganya na zetu. Baba mdogo amewafunga peke yao juani, mbali na zizi, na watoto wanawabebea maji kwa ndoo asubuhi na jioni. Kama kuna msomaji ambaye jamaa yake ilipoteza majike wawili, mmoja mweusi mwenye bato nyeupe usoni, mwingine mwekundu mwenye pembe moja iliyokatika, atuone ofisi ya kapita baada ya masomo. Atuambie ile alama ya moto iko upande gani.